Hatua Moja Nyuma ya Mama

Umoja One, Nairobi
12 Januari 2026

Ndugu yangu Mahad,

Salamu nyingi kutoka studio. Najua unacheka ukiipata barua ndani ya boksi lililotumwa kwa basi badala ya meseji, lakini ni wewe, fundi wetu wa kamera, na marehemu Baba mliotuzoesha hivi: kifaa hakitoki kwa fundi bila karatasi yake. Karatasi ndiyo hii. Kifaa ndicho ninachokuja kukuomba.

Unayajua macho ya mama. Presha ya macho imepanda, mwanga mkali unamchoma kama pilipili, na nikitaja flashi ananifukuza. Mjomba Frankline anakuja mwisho wa mwezi wa tatu kumchukua akakae kijijini kwetu Hamisi. Kabla hajaenda nataka picha moja tu, mama akiwa ndani ya nyumba hii aliyotulelea, saa kumi na moja jioni, pazia limefungwa nusu, kwa ile kamera ya Baba ya renjifainda. Lenzi niliyo nayo tundu lake ni dogo, kwenye giza hilo haioni kitu. Nataka ya milimita hamsini yenye tundu kubwa, moja nukta mbili au hata zaidi ya hapo. Huko Isiolo ulikohamia watu wanakuletea vitu vya ajabu, na mkono wako naujua.

Kuna lingine, sitakuficha. Mama hataki kuondoka. Anasema Sydney akirudi atakuta mlango umefungwa. Karibu miaka miwili sasa tangu kaka yangu apotee kwenye zile mvua. Mjomba angependa tumzike kwa mgomba, kama wanavyofanya kwetu mtu akipotea na mwili usionekane. Lakini kwa mjomba hata mgomba hauzikwi hivi hivi. Anataka aliyemwona mwisho aonyeshe mahali, udongo utolewe hapo, uende naye nyumbani. Na hakuna aliyemwona. Basi mama amekaa, kiti cha Sydney kiko palepale mezani, na mimi katikati yao nimechoka.

Sijasahau ulivyotembea nami zile wiki tatu, mochari hadi mochari, ukinishikia mkoba. Wako ndugu wa damu ambao hawakufanya hivyo.

Dada yako,
Kate


Isiolo
19 Januari 2026

Dada Kate,

Salaam. Mke wangu Iqra anakusalimu, na duka linaenda.

Nimekutumia lenzi mbili, uzilinganishe mwenyewe. Zote ni milimita hamsini, zote tundu lake ni moja nukta moja. Ya fedha ni mpya, ya Kichina. Nyeusi ni ya Kijapani, ya zamani kuliko mimi na wewe. Vioo nimevisafisha na grisi nimebadilisha.

Tofauti zake nikuambie kama nilivyozijua. Ya fedha ni kali katikati hata tundu likiwa wazi lote, lakini vitu vya nyuma vinatoka na kingo mbilimbili, macho yanachoka. Nyeusi ni laini. Taa inatoa ukungu mwembamba pembeni, pembe za picha zinaingia giza, na uso wa mtu unatulia. Ni nzito, na kwenye kidirisha cha kamera utaona unene wake unakula pembe ya chini kulia. Usijali, picha haikatwi. Kwa kamera hii huangalii kupitia lenzi. Wewe una dirisha lako, lenzi ina jicho lake. Unaona mtu wako mara mbili, unazungusha hadi wale wawili wawe mmoja, halafu unaamini.

Tundu likiwa wazi, ukishika jicho likawa kali, sikio limeshakuwa ukungu. Kwa hiyo weka kitu cha kupimia kando yake. Ile meza ndefu ya mama yenye kitambaa cha kufuma inafaa sana. Nyuzi zitakuonyesha fokasi, yaani ukali wa picha, iliangukia wapi.

Nyeusi haishiki kitu kilicho karibu kuliko mita moja. Mtu akiwa karibu mno, sogea wewe. Usimsogeze anayepigwa.

Nisalimie mama.

Mahad


Umoja One
28 Januari 2026

Mahad,

Boksi lilifika, ahsante, mkono wako haujaharibika. Ila karatasi ya nyeusi haina mstari wa mwisho. Baba angekuchapa. Kila karatasi inaisha na "Ilipotoka", na wewe ulikuwa unatukumbusha mimi na Sydney kama kiranja. Na tangu lini mpiga picha ndiye husogea? Baba alikuwa anawapanga watu kama viti vya kanisani.

Nimezilinganisha. Mama nilimdanganya kidogo, nilimwambia sio picha, ni kupima lenzi tu, maana picha kamili hataki mpaka Sydney aje. Akakaa kando ya meza. Nilipiga sita kwa ya fedha, sita kwa nyeusi, zote tundu wazi.

Ya fedha ilimshika jicho mara zote sita. Lakini ni kama ulivyosema, pazia la nyuma limekuwa na kingo mbilimbili, na mama anaonekana kama mtu aliyebandikwa. Nyeusi ni nzuri ajabu. Mwanga unamzunguka kichwa polepole. Tatizo ni kwamba mama mwenyewe hayumo, yaani yumo lakini ni ukungu. Picha zote sita zimekosea, na zimekosea pamoja. Ukifuata kitambaa cha meza, nyuzi zinaanza kuonekana nyuma ya bega lake, zinakuwa kali kabisa kama hatua moja nyuma yake, kisha zinapotea tena. Pale hapana kitu, Mahad. Kiti cha Sydney chenyewe kiko upande wa pili wa meza. Pale ni sakafu tu na hewa.

Nitakuchekesha. Nilipokuwa nabadilisha lenzi mama akasema, "Kate, huyo aliyesimama nyuma yangu mbona humpi kiti?" Nilidhani anamsema Shamso, jirani yetu wa cherehani, aliyekuwa ameleta unga. Lakini Shamso alikuwa ameshashuka zamani.

Nakurudishia nyeusi uirekebishe. Zimo na picha mbili ujionee.

Kate


Isiolo
4 Februari 2026

Dada Kate,

Nimeziona picha. Usitishike. Lenzi ya namna hii ikikosewa kwa unene wa karatasi tu, fokasi inahama. Nimeifungua, nimetia washa, kile kipete cha bati jembamba, nikapanga chupa kumi za soda kaunta nzima na kuipiga ya tano. Imeshika ya tano, hadi matone ya jasho la chupa. Nimerudia mara nne. Iko sawa.

Hata hivyo mama mpige kwa ya fedha. Nyeusi itumie kwa maua, kwa harusi za watu. Wazee wanapenda picha iliyo wazi.

Kuhusu Ilipotoka, ni kwa rafiki ambaye haihitaji tena. Nilisahau tu kuandika.

Mahad


Umoja One
16 Februari 2026

Mahad,

Kwanza, Ramadhani njema, naona inaanza wiki hii. Pili, sijui nianzie wapi.

Nimeipima nyeusi kwa utaratibu wote wa Baba, hata ule uzi wake wenye mafundo nimeutoa, wa kupimia kutoka kamera hadi pua ya mtu. Chupa: sawa, kama ulivyosema. Shamso akiwa kwenye cherehani yake: sawa, kope zinahesabika, amenibembeleza nimpe hiyo picha. Mtoto wa Shamso: sawa. Kisha nikamwambia Shamso anipige mimi, nimesimama kando ya meza. Hatua moja nyuma yangu. Nikampiga mama. Hatua moja nyuma yake.

Wewe ni fundi, niambie. Washa gani inajua kutofautisha watu? Lenzi ikikosea inakosea kwa chupa, kwa Shamso, kwa kila mtu. Hii inakosea kwangu mimi na mama peke yetu, na kwa kipimo kilekile. Nimepima kwa uzi, ni mafundo mawili nyuma ya bega. Na kamera ileile na ya fedha haina shida na mtu yeyote.

Nikajaribu ujanja. Nikamwambia mama asogee nyuma hadi ukutani kabisa, mgongo uguse ukuta, ili pasiwe na nyuma. Alikataa. Alisema hivi, na nakuandikia maneno yake yalivyokuwa: "Nikirudi hapo nitambana." Badala yake akakivuta kiti chake mbele hatua moja, kama mtu anayempa mwenzake nafasi kanisani. Nikapiga. Nyuzi kali kwenye kitambaa zilisogea mbele hatua moja pia.

Siogopi. Au niseme kweli, naogopa mchana, jioni mama akishakaa pale naacha kuogopa, na hilo ndilo linanitisha zaidi.

Nakuomba kitu kidogo. Nakutumia lenzi tena. Iqra akupige wewe, kando ya rafu ya duka, tundu wazi. Ulikuwa kama mtoto wa nyumba hii. Nataka kujua na wewe ikoje.

Kate


Isiolo
22 Februari 2026

Dada,

Nilijaribu, filamu ikaharibika kwa joto. Huku jua ni kali.

Nafikiri umechoka, na mama pia. Macho mabovu yanaona mengi. Mpige kwa ya fedha, aende Hamisi akapumzike. Nyeusi nimekurudishia kwa sababu ni yako, lakini iweke sandukuni.

Mahad


Umoja One
2 Machi 2026

Mahad,

Leo sina salamu.

"Ni yako", uliandika. Nimelisoma hilo neno siku nzima. Yangu tangu lini?

Jana nilianza kupanga vitu vya mama vya safari. Kwenye droo ya Sydney, ndani ya mkebe wake wa filamu, kuna karatasi ya fundi, mwandiko wake, imejazwa vizuri kama Baba alivyotufundisha. Nakunakilia:

Lenzi nyeusi, 50, moja nukta moja. Nambari 10847. Iko kwa Mahad, anatia grisi. Ya Kate, siku yake ya kuzaliwa, amchukulie mama picha bila flashi. Asiambiwe. Kuchukua: Jumamosi 27 Aprili.

Nimewasha tochi nikaangalia ukingo wa lenzi uliyonitumia. 10847.

Jumamosi 27 Aprili 2024 unaijua. Ndiyo Jumamosi aliyotoka hapa asubuhi na koti la mvua, akamwambia mama atarudi kula chapati. Tuliuliza Umoja nzima, tuliuliza Dandora alikozoea kupiga picha. Wewe nilikuuliza wa kwanza. Ulisema hujamwona wiki nzima.

Nakuuliza swali moja, na ujibu kwa mkono wako. Alikuja kuichukua?

Kate


Isiolo
9 Machi 2026

Kate,

Alikuja.

Mwezi huu nimefunga, na kila nikifungua kwa tende naona neno moja tu limebaki mdomoni. Nakuandikia sasa lote, halafu ufanye utakavyo.

Alikuja kwangu, nikiwa bado naishi huko Nairobi, saa nne asubuhi, mvua imepumzika kidogo. Alifurahi na ile lenzi kupita kiasi. Alisema hawezi kukupa kitu ambacho hajakiona kikimshika mtu, twende tukaijaribu. Tukaenda Dandora, kule nyuma ya dampo, mto ulikuwa umejaa na yeye alitaka yale maji yawe nyuma yake. Wenye mabanda walikuwa wameshahamia juu. Hapakuwa na mtu. Niliifunga kwenye kamera yangu.

Unajua alivyokuwa, anataka uso ujaze picha. Alisimama karibu mno. Kwenye kidirisha nilikuwa naona Sydney wawili wasiokubali kuwa mmoja, na lenzi imefika mwisho, haizunguki tena. Nikamwambia, "Rudi nyuma hatua moja."

Akasema, "Buda, chapa picha basi, nanyeshewa."

Akarudi. Wale wawili wakawa mmoja. Nikabonyeza. Nilipotoa jicho dirishani, ukingo wa mto haukuwepo.

Nilikimbia kando ya maji mpaka miguu ikakataa. Niliita. Sikuona hata koti. Halafu nikasimama pale nimeshika kamera nikafikiria watakachouliza. Ulikuwa naye wewe peke yako? Kwa nini ukamsimamisha hapo? Na jina langu ni hili la Kisomali, na kitambulisho changu unajua nilivyokihangaikia. Nikasema nitamwambia Kate kesho. Kesho yake ulinipigia simu unalia, unauliza kama nimemwona, na ulimi wangu ukasema sijamwona. Baada ya hapo kila siku iliongeza kufuli. Zile wiki tatu za mochari nilijua hatutampata, na bado nilikushikia mkoba. Hilo ndilo linaniamsha, kuliko hata maji.

Lenzi nilikutumia kwa sababu ilikuwa zawadi yako na sikuweza kuendelea kukaa nayo. Nilidhani itampiga mama picha nzuri basi, iwe imetimiza kazi yake, na mimi nitapumua. Nilitia washa nikijua haina kosa. Sikuwahi kuipima kwa mtu. Chupa tu.

Nilikudanganya pia kuhusu filamu. Iqra alinipiga siku ileile lenzi ilipofika. Picha iko humu. Mimi ni ukungu mtupu, Iqra alidhani mkono wake ulitikisika, akaomba msamaha. Angalia rafu. Hatua moja nyuma yangu, majani ya chai yanasomeka hadi tarehe ya kuisha.

Filamu ya siku ile ya Dandora nayo iko humu, kwenye kopo lenye utepe. Sijaiosha. Sikuweza.

Ilipotoka: mkononi mwa Sydney, Jumamosi 27 Aprili 2024.

Mahad


Umoja One
15 Machi 2026

Mahad,

Barua yako nilimsomea mama yote, bila kuruka. Alikuwa amekaa kando ya meza. Hakulia. Aliniuliza kama kulikuwa na baridi siku ile. Nikasema sijui. Akasema, "Koti alikuwa nalo," akakizungusha kikombe hadi chai ikapoa. Baadaye akasema ni ardhi iliyobomoka, sio wewe. Huyo ni mama. Mimi bado sijafika hapo, na sitakudanganya kwamba niko karibu. Kunyamaza ulikotufanyia wewe kumenichoma kuliko kupotea kwake. Ulijua chumba kile cha baridi kilivyonuka, ukaniacha niingie siku zote kumi na tisa.

Filamu nimeiosha mwenyewe. Picha ni ya kumi na moja, baada yake hakuna kitu. Sydney yuko pale alipoambiwa asimame. Ameshikwa, Mahad, kila unywele, hadi matone ya mvua kwenye nyusi, na mdomo umefunguka nusu kama mtu anayekuharakisha. Maji nyuma yake ni laini, ungesema pazia. Mama alinishika mkono akauliza kama ametoka vizuri. Nikamwambia hakuna picha nzuri kuliko hii katika nyumba hii. Huo sio uongo.

Jioni ileile mama mwenyewe akasema nimpige, picha kamili, avae kitenge cha bluu. Nilipiga kwa nyeusi, tundu wazi. Nimezisafisha leo asubuhi. Ni mama. Jicho lake, kope kwa kope, na ule mwanga laini kichwani. Nimefuata kitambaa cha meza kwa kioo cha kukuzia, hakuna uzi hata mmoja mkali nyuma yake. Shamso akanipiga na mimi, nikawa sawa. Ya fedha nakurudishia. Ni lenzi nzuri, inaona kilichopo tu.

Nilikaa na zile picha muda mrefu nikifurahi, kabla sijakumbuka yako, ya dukani, na majani ya chai.

Mjomba amefika jana, amewahi baada ya kusikia. Mgomba umeshachaguliwa huko nyumbani, lakini hatauangusha mpaka uje utuonyeshe mahali. Hatakugusa, nimemwapisha mbele ya mama. Maliza Ramadhani yako, Idd ikipita uje Jumamosi ya tarehe 28, asubuhi. Twende Dandora tutoe udongo, kisha usafiri nasi hadi Hamisi, umsindikize kutoka pale ulipomwacha.

Nilimuuliza mama tukupangie nini. Akasema chapati. Halafu akaamka mwenyewe, akipapasa ukuta, akakitoa kiti cha Sydney mahali pake ambapo hakijahama miaka miwili. Ameweka viti viwili kando ya meza. Kimoja ni chako, na kingine kiko hatua moja nyuma ya chako.

Kate